Nilivyookoa fensi yangu ya saipresi hapa Sakina

Fensi yangu ilianza kugeuka kahawia baada ya masika, baridi ya Arusha ilipoanza kuuma. Kila aliyepita alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni ukame, mwingine akasingizia mbwa. Muuzaji wa duka la pembejeo hakuuliza hata swali moja. Alinipa dawa ya ukungu, nikapulizia mpaka matawi yakawa ya bluu. Elfu ishirini na kitu ikaenda, na kahawia ikazidi kupanda.

Ushauri ulionikera kuliko wote ni wa kijana anayepunguza fensi mtaani kwetu. "Mama, kata chini kabisa, itachipua yenyewe." Nilikataa, na ninawasihi mkatae. Saipresi si mchongoma. Ukikata mpaka ukaipita sehemu yenye majani mabichi, ukaingia kwenye fito tupu, hapo hapachipui tena. Jirani yangu alikubali, sasa ana mstari wa visiki.

Mimi nilifungua matawi nikatazama ndani. Ukavu ulikuwa unaanzia karibu na shina kuja nje. Majani ya chini yalikuwa yananata, yameota masizi meusi, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka bila kupumzika. Sisimizi hawahangaiki hivyo bila kupata kitu kitamu. Nikaweka karatasi nyeupe chini ya tawi, nikaligonga kwa mpini wa jembe. Wakadondoka! Vidukari wa kahawia, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, wenye miguu mirefu, wakubwa wao wanafika milimita 4, mgongoni wana mistari miwili myeusi inayoachana kuelekea nyuma. Juu ya gome huwaoni kirahisi, maana wanajipanga kwenye vijiti vya rangi yao. Karatasi ndiyo iliyowaumbua. Tangu siku hiyo sinunui dawa kabla ya kugonga tawi.

Huyu ni mdudu mgeni. Malawi alionekana mwaka 1986, kwetu Tanzania 1988, Kenya 1990. Majike huzaa bila dume, ndiyo maana wanajaa upesi hivyo. Mate yao yana sumu kwa mti, kwa hiyo kijiti kinaweza kuendelea kukauka hata baada ya wadudu kuondoka. Msikate tamaa mkiona hivyo, na msitegemee kahawia irudi kuwa kijani. Angalieni machipukizi mapya.

Nilianza na mpira wa maji, presha kubwa, nikielekeza ndani ya fensi na si juu juu kama watu wanavyomwagilia. Halafu maji ya sabuni kwa bomba la mgongoni, nikirudia kila nilipoona sisimizi wamerudi. Kwenye miti iliyozidiwa nilimwagia dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi mizizini, udongo ukiwa na unyevu, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kunyunyizia juu sikutaka, kwa sababu nyuki hufuata ule umajimaji mtamu wanaoutoa vidukari, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari nilikuwa nawahitaji.

Machipukizi ya kijani yalitoka kwenye sehemu kubwa ya fensi, na nilifurahi mno. Miti michache ya upande wa barabara ilikufa. Pale nimepanda michongoma, kwa sababu mdudu huyu hushambulia saipresi na ndugu zake kama mtarakwa. Mwenye mtarakwa uani agonge matawi yake pia, hasa Juni na Julai.