Baba ameanza kusimama, uangalizi ndio umezidi

Wenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani, msidhani hofu ya kuanguka inaisha akianza kupata nguvu. Kwetu ndiyo imeongezeka. Baba alipokuwa wa kulala tu, kila kitu tulimfanyia. Sasa anajiinua, na anaona haya kuniita mimi bintiye nimpeleke chooni usiku.

Mtaalamu wa mazoezi tiba humpima kwa kipimo cha Barthel: mambo 10 ya kila siku kama kula, kuoga, kuvaa, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kupanda ngazi. Alama za juu ni 100. Kula Baba anajiweza kabisa. Shida ni kugeuka ili akae chooni: mwili unageuka, mguu wa kushoto unabaki nyuma. Hapo ndipo pananitisha kuliko akitembea sebuleni.

Mazulia tumeyatoa, ndala tumeziweka kando, anavaa viatu vya kufunga. Fundi katuwekea bomba la kushikilia ukutani, upande wa kulia wenye nguvu. Mkongojo nao ni wa mkono wa kulia, mimi nasimama kushoto. Shati anavaa akiwa amekaa, akianza na mkono dhaifu.

Usiku kaka analala chumbani kwa Baba, na kwa mwanawe wa kiume Baba haoni haya kuita. Naona hilo limetusaidia kuliko hata bomba.

Baba anataka sana kwenda kijijini, na kule choo ni cha kuchuchumaa. Mliowahi kuchongesha kiti cha mbao cha chooni, nielekezeni tafadhali.