Viazi vya kwanza viko dirishani

Tangu mwisho wa Januari, dirisha la ngazini kwetu hapa Leeds, Uingereza, limepangwa trei za mayai, kila kishimo na kiazi chake. Ni mbegu ya Arran Pilot, aina ya mapema yenye jina la kisiwa cha Uskoti. Nyumbani Njombe tunasema viazi mviringo, wengine viazi ulaya. Basi huku Ulaya kwenyewe nimelazimika kujifunza upya namna ya kuviotesha.

Mama alikuwa akiweka mbegu kwenye kona yenye giza na kuifunika nyasi. Mwaka wangu wa kwanza nikafanya vivyo hivyo, nikavificha kabatini karibu na bomba la maji ya moto. Baada ya wiki nne nikakuta machipukizi meupe, marefu kama tambi, yanakatika kwa kuguswa tu. Nilihuzunika sana. Kumbe gizani chipukizi hurefuka likitafuta mwanga, huku likimaliza akiba ya kiazi.

Kwa hiyo sasa naviweka penye mwanga na ubaridi, nyuzi joto 10 hivi, upande wenye macho mengi ukitazama juu. Vikigeuka kijani msishtuke, maana hivi ni vya kupanda, si vya kula. Leo asubuhi nimeshika kimoja: chipukizi nene la sentimita 2, zambarau, na shinani mwake vinundu vidogo vidogo ambako mizizi itatokea. Nilisimama pale ngazini nikikitazama mpaka chai ikapoa.

Nitapanda mwisho wa Machi, kina cha sentimita 12, shina hadi shina 30, mstari hadi mstari 60. Ninachoogopa ni sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ambayo huku inaweza kuanguka hata mwezi Mei na kuunguza majani yote kwa usiku mmoja. Ndiyo maana majani yakichungulia nayapandishia udongo, na jioni isiyo na wingu nayafunika kwa kitambaa chepesi. Mungu akijalia, baada ya wiki 10 hadi 12, maua yakifunguka, tutachimba.

Jana nilimwonyesha mama kwa simu. Akanyamaza kidogo, akaniambia nisogeze kamera ayaone hayo machipukizi.

“Mwanangu, umeviweka juani kabisa?”

“Kwenye mwanga, mama. Si jua kali.”

“Haya. Na mbegu yangu ya msimu ujao nitaihamishia pale karibu na mlango.”