Nilivyokoleza kiini cha yai kwa majani ya lusina

Mteja akivunja yai akakuta kiini kimepauka, atakwambia kuku wako wanalishwa madawa. Kumbe ni mahindi meupe tu. Kuku hatengenezi rangi ya njano mwilini, anaila. Luteini na zeaksanthini, rangi zenyewe hasa, zimo kwenye mahindi ya njano na kwenye majani, lakini mahindi meupe tunayosaga kila siku karibu hayana. Ya njano ni adimu madukani, ndiyo maana nikageukia lusina, mti wa malisho.

Nakata matawi yenye majani yaliyokomaa na kuacha vichipukizi, kwa kuwa huko ndiko mimosini hujaa zaidi. Ni sumu: ikizidi, utagaji hushuka. Matawi nayatandaza juu ya turubai chini ya paa, mahali penye hewa, tabaka jembamba, na nayageuza asubuhi na jioni. Yakikauka nayakung'uta, vijani vinapukutika vyenyewe, mkononi unabaki na vijiti. Juani yangewahi kukauka, ila jua linaiua ile rangi unayoitafuta. Unga mzuri ni wa kijani. Ukigeuka khaki, kuku watapata protini, kiini hakitapata kitu. Nikishatwanga na kuchekecha, naufungia kwenye gunia zito lisilopitisha mwanga, na sitengenezi wa kukaa miezi.

Kipimo changu ni kilo 4 za unga katika kilo 100 za chakula, na nazipunguza kilo hizohizo kwenye pumba za mahindi. Sivuki kilo 5. Kuku 100 wa mayai hula kilo 11 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo mchanganyiko huo unatosha wiki moja na kidogo. Dagaa, chokaa na mashudu ya alizeti siyagusi. Tena mashudu yaliyobaki na mafuta kidogo yanasaidia, maana rangi hii huyeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta nyingi hutoka na kinyesi.

Kiini hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa siku kama 10, basi usikimbilie kuongeza unga siku ya tatu. Subiri wiki mbili ndipo uamue. Kuning'iniza mafungu ya mchicha bandani nako kunafanya kazi, ila wababe wa banda humaliza majani kabla wanyonge hawajafika, na trei moja inatoka na viini vya kila aina.

Ukiona chakula ni kilekile na viini vimepauka ghafla, acha kulaumu majani, kagua utumbo. Koksidia (vimelea vya utumbo) na minyoo huzuia rangi kufyonzwa, na mahindi yenye ukungu hufanya vivyo hivyo. Mashudu ya pamba ni balaa jingine: mayai yakikaa, kiini huweza kugeuka kahawia au kijani cha zeituni na ute ukawa na uwaridi. (Ganda la kahawia halihusiki hapa. Hilo ni la ukoo wa kuku, halibadilishwi na majani.)

Rangi hiyohiyo ndiyo inayokaa kwenye ngozi, na kwa kuku wa ngozi ya njano ninaisoma wakati wa kuchagua wa kuuza. Anapotaga, rangi mpya huenda kwenye yai, na ile ya mwilini hupotea kwa mpangilio: kwanza kuzunguka tundu la kutolea yai, halafu ukingo wa jicho, ndewe, mdomo, mwisho miguu, ambayo huchukua miezi. Kuku mzima mwenye miguu ya njano iliyokolea katikati ya msimu wa kutaga anakula bure. Akiacha kutaga, rangi hurudi kwa mpangilio uleule. Kwenye mdomo huanzia shinani, kwa hiyo shina la njano na ncha nyeupe maana yake ameacha karibuni. Huyo namtenga na kumkagua ugonjwa kabla sijamtafutia mnunuzi.