Siku Moja ya Kurekodi Kizapoteki cha Santa Ana del Valle

Saa 12 asubuhi. Tuko kijiji cha Santa Ana del Valle, Bonde la Tlacolula, jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kurekodi Kizapoteki, lugha ya wenyeji wa hapa. Kurekodi hakupangwi Jumapili: ni siku ya gulio la Tlacolula, na watu huenda sokoni. Majogoo bado wanawika, kwa hiyo saa hii ni ya kukagua betri na kutega kinasa sauti: WAV (faili la sauti isiyobanwa), 44.1 kHz, biti 16. MP3 haifai. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu hafifu za sauti, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Saa 2. Kijiji hiki ni cha wafumaji, na chumba kilichojaa mazulia ya sufu humeza mwangwi vizuri kuliko chumba kitupu cha saruji. Maikrofoni ya kichwani hukaa pembeni mwa mdomo, kamwe si mbele yake. Pumzi ikiipiga, mvumo wake utadhaniwa ni sauti ya irabu. Marekebisho ya sauti ya kiotomatiki huzimwa pia, kwani hupandisha mwisho wa irabu pale inapofifia.

Saa 3. Hapa ndipo kiini cha kazi. *Lat* kwa sauti ya kawaida ni kopo. Silabi hiyohiyo ikitamkwa kwa sauti yenye pumzi, nyuzi za sauti zikiwa zimelegea, ni mahali. Ikitamkwa kwa sauti ya kukwaruza, nyuzi zikiwa zimebanwa, ni shamba. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana, nayo ina nafasi yake: ya juu na ya kupanda huandamana na sauti ya kawaida; ya kushuka huandamana na hizo mbili nyingine. Kwa hiyo toni peke yake haitenganishi mahali na shamba. Sikio lililolelewa na Kiswahili hutafuta mkazo, na hapa mkazo hausaidii kitu.

Kila neno hutamkwa mara tatu ndani ya sentensi ileile. Likisomwa peke yake kwenye orodha, la mwisho hushuka kana kwamba lina toni nyingine. Nafasi ya neno katika sentensi nayo ina uzito, kwani hubadilisha kimo cha sauti: sauti ikipanda juu sana, tofauti ya pumzi na mkwaruzo hufifia.

Saa 5. Konsonanti, kwa haraka. Ziko nzito na nyepesi. Nzito hudumu zaidi na irabu iliyo mbele yake hufupika. Nyepesi mwishoni mwa neno huweza kupoteza mghuno, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti. Pima urefu wa irabu pamoja na konsonanti, la sivyo utaziandika sawa.

Saa 8 mchana. Praat, programu ya kuchanganua sauti. Mkwaruzo huivuruga: mapigo ya nyuzi hayana mpangilio, basi mstari wa toni huruka maradufu au hukatika. Weka mipaka ya toni: anza na 75 hadi 300 Hz kwa wanaume, 100 hadi 500 kwa wanawake, kisha hesabu mawimbi kwa jicho penye shaka. Igawe irabu mafungu matatu. Wastani wa irabu nzima hufuta mabadiliko yaliyo ndani yake.

Kipimo kimoja hakitoshi. Christina Esposito, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2010, alionyesha kwamba kwa wanawake tofauti hujitokeza ukilinganisha nguvu ya harmoniki (masafa yanayounda sauti, kila moja likiwa kizidisho cha toni ya msingi) ya kwanza na ya pili, ilhali kwa wanaume hujitokeza ukilinganisha harmoniki ya kwanza na formanti (masafa yanayokuzwa na umbo la kinywa na koo) ya tatu. Anayepima wanaume kwa kipimo cha wanawake anaweza kudhani wameshaipoteza tofauti ambayo bado wanayo vinywani.

Saa 11 jioni. Rekodi husikilizwa upya na mzungumzaji mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye hakimu wa maana. Tahajia ya Kihispania haina alama ya pumzi wala ya mkwaruzo. Ukiifuata, kopo, mahali na shamba vyote huandikwa *lat*. Kijana anayejifunza kwa maandishi hayo, nyumbani akisikia Kihispania zaidi, atapokea neno moja badala ya matatu. Tunaweka alama hata zikichosha macho.

Saa 1 usiku. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili. Jina la faili hubeba tarehe, namba ya mzungumzaji na namba ya orodha. Maneno yaliyoharibiwa na kengele ya kanisa huingia kwenye orodha ya kesho.