Aliyebaki na Vyombo

Somo: 1 Samweli 30:1–25

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Kila nikilisoma somo hili namwona mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa korosho wa hapa Newala, aliyekwenda vita vya Kagera akiwa mgambo.

Daudi anarudi Siklagi, anakuta mji umechomwa, wanawake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Anawafuata na watu mia sita. Kufika kijito Besori, mia mbili wamechoka, hawawezi kuvuka, wanabaki na vyombo. Mia nne wanavuka, wanapigana, wanawarudisha watu wote. Njiani baadhi yao wanaanza maneno: hawa hawakwenda nasi, nyara wasipewe.

Maneno ya namna hiyo mjomba aliyasikia miaka mingi.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sisi wa korosho tunajua Novemba ni wakati gani. Korosho zimelala chini ya mikorosho, na mvua ikizikuta zinaharibika. Hakuna aliyemlazimisha mjomba. Alikwenda mwenyewe ofisi ya kijiji akaandikisha jina, akarudi akamwambia mama, "Dada, korosho nakuachia wewe." Wakavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu (daraja la Mkapa limekuja 2003), wakaenda hadi pembe nyingine kabisa ya nchi.

Kazi aliyopangiwa ilikuwa kupakua malori na kulinda ghala la risasi na chakula, upande huu wa mto Kagera. Adui alikuwa amelivunja daraja la Kyaka, jeshi letu likatafuta njia likavuka. Yeye hakuvuka. Alitusimulia mto ule kwa mshangao wa mtu wa Newala, ambako akina mama walikuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji yote yale, alisema, usiku na mchana, na hayaishi. Halafu ananyamaza. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipochukuliwa, alikuwa bado anahesabu magunia ya unga. Msimu wa korosho uliofuata ulimkuta nyumbani.

"Kampala uliiona?" watu walimuuliza. Hakudanganya hata mara moja. Wakamwita askari wa magunia. Nami nikiwa mtoto nililitamka jina hilo mbele yake, akanitazama tu, akaendelea kunoa panga lake. Amefariki sijamwomba radhi.

Sasa mtazameni Daudi. Anapowakaribia wale mia mbili, jambo la kwanza anawasalimu. Nimesoma sura hii mara nyingi, salamu ile nimeiona mwaka huu tu. Hawaulizi kwa nini walichoka. Kisha anawaambia wenye maneno kwamba vitu hivi ametupa Bwana. Basi fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa. Akaifanya kuwa amri katika Israeli. Alijua kuwa wale mia nne walivuka wepesi kwa sababu mizigo yao ilikuwa na mtu. Na risasi zilizopigwa ng'ambo ya Kagera zilipita mikononi mwa mtu aliyezipakua.

Na mama? Aliokota korosho za mashamba mawili peke yake, mimi nikiwa mgongoni. Hakuna aliyemwita jina lolote, la sifa wala la dhihaka. Naye alikaa na vyombo.

Mashujaa waliolala Kaboya, kule Muleba, wanakumbukwa kwa heshima, na wanastahili. Kaburi la mjomba limefunikwa na majani. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tukitoka ibada ya asubuhi nitakwenda kulipalilia. Mama atakuwepo, ingawa magoti yanamsumbua. Mwenye nafasi aje na jembe. Nitatangulia na maji ya kunywa.