Kaktasi yangu imesimama tena
Kaktasi yangu ya chunguni ilipoanza kuinama nilidhani ina kiu, nikaizidishia maji, kumbe nilikuwa naiozesha. Nilipoitoa nilikuta mizizi ya kahawia yenye uvundo, na shina likibonyea chini ya kidole. Nilikata kwa kisu safi, kipande baada ya kipande, hadi nyama ikaonekana safi bila doa hata moja, kisha nikaiacha mahali pakavu penye kivuli kwa siku 10 ili kidonda kifunge, ndipo nikaipanda katika udongo uliochanganywa na mchanga wa chenga, kwenye chungu chenye matundu. Sasa inakaa dirishani penye mwanga mwingi, nami siinyweshi mpaka kijiti ninachokichomeka hadi chini kitoke kikavu. Leo nimeona miiba michanga kileleni, na moyo wangu umetulia.