Timu ya ubora bila opereta wa mashine? Hapana jamani

Hili naliongea kila siku na sitachoka. Bidhaa zikianza kurudi na kasoro, watu wa ubora wanajifungia ofisini na makaratasi yao halafu wanatoka na jibu moja tu, eti wafanyakazi waongeze umakini. Ile njia ya 8D ya kampuni ya magari ya Ford, yaani hatua nane za kutatua tatizo kwa timu, mwongozo wake ulitoka 1987, hatua ya kwanza ni kuunda timu, yaani kabla hata hujaeleza tatizo lenyewe, na timu maana yake mtu wa uzalishaji, fundi wa matengenezo, injinia, manunuzi, na yule anayeshika mashine.

Kuna kipindi vifuniko vyetu vya chupa vilikuwa vinavuja, tukapima weee, sampuli zote ziko sawa, mpaka dada mmoja wa kwenye mashine akauliza, mbona vinavyovuja ni vile vya mwanzo tu, mashine ikishasimama ikawashwa tena? Fundi akaenda kugusa moldi, ile kalibu inayovipa vifuniko umbo, ya baridi kabisa. Sampuli zetu tulikuwa tunachukua saa nzima baadaye, moldi ishapata moto! Wiki tatu tumehangaika na yule dada hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.